Wewe Ulilipima Gari kwa Kuteremka

Baba Paulina, mume wangu,

Naogopa, na wa kumwambia ni wewe tu, japo umelala kaburini pale nyuma ya shamba. Emanueli, kitinda mimba wetu, anatafuta gari lililotumika la kupeleka watalii Kreta, kule bondeni Ngorongoro.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinipandisha kwenye magari ya watu ulipoitwa kuyakagua? Mimi kwenye usukani, wewe uvunguni. "Kanyaga breki, mke wangu, usiachie." Pedeli ikizama taratibu chini ya mguu wangu, ulijua mafuta ya breki yanavuja. Ulitazama tairi lililolika upande mmoja, ukautikisa usukani kuona kama unalegea, kisha ukakwangua chesisi kwa ufunguo. Rangi mpya huko chini ilikukera. "Bibi harusi gani anapakwa poda kwenye nyayo?" Chini ya rangi ulikuta kutu.

Hapa Karatu gari husifiwa kwa kupanda. Likifika getini Ngorongoro bila kukohoa, mnunuzi anatoa mkono. Wewe uliwacheka watu. "Hata punda anapanda. Niteremshie."

Leo asubuhi tulikwenda kuliona gari moja, zuri, linang'aa. Kabla hatujaondoka nilikanyaga breki kama ulivyonifundisha. Mguu ukazama. Nikamwambia muuzaji, akatabasamu. "Breki za gari hizi ndivyo zilivyo, mama. Mtazizoea." Emanueli aliniangalia kwa aibu, nikamwachia usukani.

Tukapanda mlima kuelekea getini, Emanueli akiendesha. Muuzaji alikuwa akipiga dashibodi kwa kiganja. "Ona inavyoumeza mlima!" Mwanao uso wote ulikuwa meno. Mimi nilikuwa nimeshika kiti kama mtoto.

Karibu na geti nilisema, "Sasa tuteremke nalo."

Muuzaji akafungua mlango, akashuka. "Nendeni tu. Mimi kuna mtu namsubiri hapa."

Nilitazama huku na huku. Palikuwa na nyani tu barabarani. Hapakuwa na mtu wa kusubiriwa, mume wangu, na Emanueli alikwisha kuingiza gia.

"Zima, mwanangu."

Alimtazama yule bwana pale kando ya barabara, akautazama mteremko. Akazima. Tulimrudishia mtu ufunguo wake, tukarudi mjini kwa lori la mahindi.

Jioni, nikipepeta maharage, alikuja akasimama mlangoni. "Mama, kesho kuna nyingine Rhotia. Twende ukanikanyagie breki."

Nitakwenda. Namshukuru Mungu kwamba mwanao ameniomba. Lakini hofu haijaniachia. Hata tukipata gari lenye breki nzima, atakuwa analiteremsha Kreta kila siku, na breki huisha kama soli ya kiatu. Siku hiyo sitakuwa ndani ya gari kumwambia azime.

Pumzika, mwenzangu. Mimi nitakuwa nikisikiliza kila gari linalorudi, mpaka nisikie la kwake.

Mkeo,
Mama Paulina