Moshi Nyuma ya Kitambaa cha Chama

Kindu, 4 Februari 1975

Yaya Jamila,

Salamu nyingi, dada yangu. Mama amepona homa, anauliza kama huko Marseille wanaosoma udaktari wanapewa hata sombe, majani yetu ya muhogo.

Mimi nazama kila siku bandarini. Tunainua barji iliyozama chini ya muto Lualaba, zaidi ya mita kumi. Mukubwa mmoja anakuja kutembelea, basi patron wetu wa kazi, Citoyen Amuri, amezungushia chombo chetu kitambaa kikubwa cha Chama, chenye picha ya Rais. Mashini ya motere inayonipulizia hewa sasa iko kivulini. Lakini kuna jambo. Chini niko muzuri, moyo umetulia. Nikipanda juu unaruka, natapika. Okito, anayeshika kamba yangu, anacheka: "Wanawake wa mutoni, wale majini, hawataki kukuachilia, ndugu."

Mudogo wako,
Bulaimu

Marseille, 25 Februari 1975

Mudogo wangu Bulaimu,

Kwa mama nimefurahi. Kwako nimekasirika. Moshi wa motere unatokea wapi, kama mumefunga pande zote? Unavutwa na mashini, na mashini inakuletea wewe.

Hapa hospitali tunaweka watu katika chumba cha presha na kupima mioyo yao. Maji yanakandamiza hewa unayovuta, kwa hiyo moshi kidogo unakuwa sumu nyingi. Oksijeni nayo imekandamizwa: inakulinda, inapunguza mapigo, unajiona mtulivu. Ukipanda, oksijeni inapungua, ila sumu imeshikamana na damu, imeifanya nyekundu sana. Moyo unakosa hewa. Utakufa njiani kurudi juu.

Ondoeni kitambaa hicho.

Yaya wako,
Jamila

Kindu, 22 Machi 1975

Yaya,

Mama ni mzima. Usiniandikie "ondoeni" kana kwamba ni pazia la jikoni. Mwaka jana karani wa gare ya treni aliteremsha kitambaa cha Chama akifue. Mpaka leo mke wake anamutafuta. Wewe uko Marseille.

Nilimwambia patron. Akasema mgeni ameahirisha safari, kitambaa kinamungoja. Nikaomba mpira murefu, mashini ivute hewa ya nje. Akasema, "Moyo wako njo una woga, usisingizie hewa." Nikakataa kuzama. Akamuvalisha Okito kofia ya shaba ya kuzamia.

Okito alifika juu amekufa. Midomo ilikuwa myekundu kama ya muntu mwenye afya. Daktari ameandika: moyo. Patron anasema: wanawake wa mutoni. Baada ya matanga, zamu ni ya Tambwe, muzamiaji mwenzetu.

Bulaimu

Kindu, 29 Machi 1975

Yaya Jamila,

Sikungoja jibu lako. Mama analia, lakini anakula.

Tambwe alikuwa ameshavaa viatu vizito vya kuzamia. Nikapanda chomboni na panga, nikakata kitambaa toka juu hadi chini, mchana, wapakuzi wote wakiangalia. Moshi ulitoka kama wa tanuru la matofali. Tambwe akazama, akapanda, akaomba sigara.

Naandika toka kizuizini kwa majandarme. Patron alikuja kuniuliza, "Unajua umekata nini?"

"Na wewe, unajua ulimuvutisha Okito nini?"

Ijumaa watanipeleka bandarini niombe Chama radhi mbele ya wafanyakazi. Wamenipa na maneno ya kusema. Nimemwita mujane wa Okito. Nitasimama pale penye mashini, nimueleze vile ulivyonieleza: maji, moshi, damu, moyo. Maneno yao sitayasema.

Ukiona kimya, usiniandikie mimi. Mwandikie mama.

Mudogo wako,
Bulaimu