Baba Alipochukua Kadi ya Mwenye Mkoba

Chumba cha juu,
Nyumba yenye duka la dobi chini.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia, na ile baridi uliyonilalamikia imepunguza makali. Mgongo wako je? Uliniandikia kwamba siku hizi unapanda ngazi kwa awamu, ukichoka unasimama na kujifanya unatazama picha za ukutani. Endelea hivyo hivyo, hakuna anayekufukuza.

Sisi huku tu wazima. Goti la mama linamsumbua asubuhi tu, likishapata moto anatembea kutuzidi. Baba naye ni mzima, na kumhusu yeye nina mengi, ila nipe nafasi nijikusanye kwanza. Tangu jana nimepigwa na bumbuwazi. Leo asubuhi nimetia chumvi kwenye chai badala ya sukari, nikainywa, nikamaliza kikombe, ndipo mama akaniuliza kama najisikia vizuri.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza jambo moja: ukija, mdogo wako, yaani baba, atakufungulia mlango? Uliniomba nimpime kwa upole, halafu nikujibu kweli hata kama inauma. Jibu nilikuwa nimeshaliandika kichwani. Nilitaka kukuambia usijisumbue, ubaki huko na heshima yako, kwa sababu katika nyumba yetu hutajwi, na ukitajwa baba hupata ghafla kazi ya kufanya nje. Jibu hilo nimelitupa. Soma taratibu, na ikiwezekana soma ukiwa umekaa.

Lazima nianze na kazi yangu, maana mambo yote yametokea humo. Unajua niliacha ofisi ya bima ili nitunge michezo ya mezani, ile ya watu kukaa pamoja, kila mmoja akajifanya mtu mwingine, wakaendesha kisa kwa midomo yao. Sheria naandika mwenyewe, kadi nachora mwenyewe, kurasa napanga mwenyewe, na mzigo ukitoka kwa mchapaji naufunga na kuupeleka posta mwenyewe. Karani wa posta amenibatiza jina la Bi Bahasha. Michezo miwili ya kwanza imefika kwa watu nisiowajua kabisa. Wengine huniandikia kwamba waliucheza wakalia, wengine kwamba waligombana, na mimi hupokea yote kama sifa.

Baba hajawahi kuugusa hata mmoja. Siku moja tu aliniuliza nani huwa anashinda, nikamwambia hakuna anayeshinda. Akasema, "Sasa mnacheza ili iweje?" Kuanzia hapo kazi yangu ikawekwa kwenye rafu ya mambo yasiyozungumzwa, karibu na wewe.

Mchezo wa tatu nimeuita Watu wa Nyumba Moja. Wachezaji ni wanne, hawapungui, na kila mmoja huchukua kadi ya mtu anayeishi katika nyumba hiyo. Kadi moja ni ya Mwenye Mkoba, yaani anayeondoka. Wenzake wanamuuliza maswali kabla hajatoka. Akitaka kuficha jambo anaruhusiwa, ila lazima arushe dadu, na namba ikiwa ndogo itabidi aseme kweli. Mwishowe anasimama na kutoka nje, kwa mlango wa kweli wa chumba mnachochezea, na mchezo umekwisha.

Mwisho huo ulikuwa unanikosesha raha. Kila tulipoujaribu, watu waliobaki mezani walitazamana kama waliokatiwa umeme katikati ya taarifa ya habari. Mchapaji ananisubiri, kurasa ziko tayari, na mimi sioni nilipokosea.

Jana mchana nikawaita tena majirani wanaonisaidia kujaribu. Alikuja mshonaji wa nyumba ya pili, akaja dereva wa lori, akaja na yule mhasibu tunayemwita Kanuni, kwa sababu hasogezi hata kikombe kabla hajakisoma kwenye sheria. Muuguzi, ambaye ni wa nne, alipiga simu kwamba ameitwa kazini. Na baba alikuwepo, ingawa hakuja kucheza. Alikuja kunibadilishia kitasa cha mlango, kilikuwa kinakwama mpaka naingia chumbani kwa kusukuma na bega. Alishakifungua, mlango una tundu, na yeye amechutama na bisibisi akikikaripia kitasa cha zamani chini kwa chini.

Kanuni akamgeukia. "Mzee, tumebaki watatu. Sheria inataka wanne."

Nilijua atakataa. Lakini fundi aliyeishi na makufuli maisha yake yote ana udhaifu na neno sheria. Akatazama saa, akafuta mikono kwa kitambaa, akavuta kiti. "Nusu saa tu," akasema.

Nikuambie na desturi yangu ya kazi, maana bila hiyo hutanielewa. Watu wanapojaribu mchezo, mtungaji hapaswi kusema neno. Wakikosea, wakikwama, unanyamaza, kwa sababu mnunuzi hatakuwa na wewe mezani pake. Mimi mdomo wangu unaujua, hautunzi kitu. Kwa hiyo hujaza maji mdomoni na kukaa pembeni kitandani, mashavu yamevimba, mpaka mchezo uishe. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Wakachukua kadi zikiwa zimefunikwa. Mshonaji akapata mama wa nyumba, dereva akapata baba wa nyumba, Kanuni akapata mdogo wa yule anayeondoka. Mkoba ukamwangukia baba. Aliitazama kadi ile kama ufunguo wa mlango asioujua.

"Mtu wako anaitwa nani?" Kanuni akamuuliza.

"Chiriku," baba akasema.

Shangazi, maji yalitaka kunitokea puani. Jina hilo nalijua kwa sababu ndilo unalotia chini ya barua zako kwangu. Kinywani mwa baba sijawahi kulisikia, hata kwa bahati mbaya. Nikajiambia labda limemtoka tu, kwamba ni neno lililokuwa karibu.

Dereva akauliza Chiriku amebeba nini mkobani. Baba hakurusha dadu, alijibu hapo hapo. "Nguo, viatu vya mvua, na tupa ndogo ya kuchongea funguo. Ni ya baba. Sikumwambia, lakini alijua, akaniachia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na mkono mzuri zaidi katika duka lake la funguo." Je, ni kweli unayo tupa ya babu? Nimekaa na swali hilo tangu jana, na bado ndilo dogo kuliko yote.

Mshonaji akauliza kama atakula kabla ya kwenda. Watu wakacheka kidogo, na baba pia akacheka. Kisha Kanuni, akiwa ndiye yule mdogo, akasoma swali lililo kwenye kadi yake. Swali hilo nililiandika mimi. "Mbona unaondoka bila kuniaga?"

Unajua kwamba kwetu hicho ndicho kisa chako chote. Aliondoka bila kuaga. Nimelelewa nacho, nilikuwa nakijua kabla sijajua kufunga viatu. Ukiuliza zaidi huambiwi zaidi.

Baba akachukua dadu. Kanuni, Mungu ambariki, akamkumbusha, "Ukirusha, mzee, maana yake kuna kitu unaficha."

"Naelewa."

Dadu ikabingirika mpaka kwenye kikombe cha mshonaji, ikatua moja. Nilidhani baba atainuka na kurudi kwenye kitasa chake.

"Nilikuaga," akasema. "Nilikuja mlangoni kwako alfajiri, nikapiga hodi. Ulikuwa macho. Taa yako ilikuwa inawaka, niliuona mwanga chini ya mlango. Nikapiga hodi tena. Ukaizima taa."

Pasi za dobi tukazisikia huko chini. Kanuni hakuwa na habari kwamba anaambiwa mambo ya kweli. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini niliizima?"

"Kwa sababu ulidhani nisipoagwa sitaweza kwenda."

Nilikasirika, sitakuficha. Miaka yote hii ulibebeshwa lawama ya kutoaga, na mtu mmoja nyumbani alijua kwamba uliaga. Nilimtazama baba yangu mzazi, na nikaona kama namtazama mtu niliyekutana naye kwenye foleni. Hasira ilikuwepo, huruma ilikuwepo, na maji yalikuwa bado mdomoni.

Baba akasimama, maana ndivyo sheria zangu zinavyosema. Akatoka. Mlango haukuwa na kitasa, kwa hiyo aliuvuta ukarudi kidogo, na kupitia kwenye lile tundu tuliona kifungo cha shati lake. Mshonaji akaanza kukusanya kadi. Mchezo ulikuwa umekwisha.

Ndipo tukasikia huko nje, "Hodi."

Kanuni akadaka kurasa za sheria na kuzifungua mbele na nyuma, kidole kikikimbia. "Haipo," akanong'ona. "Akishatoka hakuna kinachosema anaweza kupiga hodi." Akanitazama mimi. Nami nilikuwa nimevimba mashavu, machozi yananitiririka, sina la kufanya.

"Hodi," baba akasema tena, safari hii kwa sauti ya chini zaidi.

Shangazi, yule mtu ambaye hanywi chai bila kibali cha maandishi aliweka kurasa mezani, akainuka mpaka kiti kikaanguka, akavuta mlango. "Karibu," akasema. "Karibu ndani. Nilikuwa macho."

Maji nikayameza yote.

Baba alikuwa analia. Sijawahi kumwona akilia, hata babu alipofariki alikuwa anazunguka akikagua madirisha. Alijifuta kwa kile kitambaa cha grisi akabaki na mstari mweusi shavuni, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Halafu akachutama na kufunga kitasa kipya mpaka mwisho, kwa ufundi wake uleule. Wenzangu wakanywa chai na kuaga mmoja mmoja. Alipomaliza alijaribu ufunguo, akaufungua mlango na kuufunga, akanipa mgongo na kuniuliza, "Aliuona ule mwanga?"

Nikamwambia sijui.

"Muulize," akasema.

Kwa hiyo nakuuliza. Huenda hukuona chochote. Huenda uliondoka ukidhani mdogo wako amelala fofofo, na yeye ameishi umri wote huu akiamini uliiona taa ikizimika.

Kuhusu kazi, mwisho wa mchezo nimeupata, na haukutoka kichwani mwangu. Kesho nampelekea mchapaji ukurasa mmoja wa nyongeza. Ukurasa huo unasema kwamba aliyeondoka anaweza kupiga hodi wakati wowote, na waliomo ndani hawaendelei na jambo jingine lolote mpaka wamjibu. Kanuni ameusoma asubuhi na kuupitisha.

Na swali lako, kama atakufungulia, mimi sitalijibu. Nimeandika mpaka hapa na baba ameingia, eti amekuja kutia mafuta kitasa alichokifunga jana. Nimemwambia nakuandikia wewe. Amekaa mbele yangu, ameniomba nimwachie nafasi chini ya jina langu, kalamu anaigeuzageuza tu.

Nisalimie binamu zangu wote wawili, Daktari wa Meno na yule Asiyepokea Simu, umwambie huyo wa pili kwamba barua hailii mfukoni kwa hiyo hana kisingizio. Mama anakusalimu sana, na anasema shuka za kukutandikia ukija anazo. Mungu akutunze wewe, na mgongo wako, na kila ngazi iliyo kati yako na sisi.

Wako akupendaye, aliyeshindwa kufunga mdomo hata kwa maji,

Binti wa mdogo wako, Bi Bahasha.



Dada Chiriku,

Hodi.