Yustina Amejifungua, Shangazi

Shangazi,

Yustina amejifungua. Mtoto wa kike, mzima, na mama yake mzima. Nimetaka ulisikie hilo kwanza, maana uliondoka ukiwa bado unamtaja.

Tangu tukuzike, kijiji kimenikabidhi mimi kazi yako ya kuwatembelea wajawazito. Wapo walionong'ona, binti ambaye hajazaa atawauliza nini wazazi? Wiki ya kwanza nilipita nyumba saba, na kote nilijibiwa, "Sina shida." Nikaandika hivyohivyo. Nikarudi nyumbani nikalia. Nilikumbuka tulivyokuwa tukipanda mlima, mimi nimebeba mzani, wewe ukiniambia, "Mjamzito hasemi shida yake mlangoni. Kaa. Shika kazi anayoifanya."

Basi nikarudi kwa Yustina. Unajua alivyopasuliwa uzazi wa kwanza, na nesi alivyomwonya asithubutu kujifungulia nyumbani. Nikamwamkia, "Kamwene," nikakaa, nikapukuchua naye mahindi. Debe lilikaribia kujaa ndipo aliposema, "Nikienda hospitali, mama mkwe nimwachie nani?" Mumewe yuko Mgololo kwenye kazi za magogo, na bibi yule hawezi hata kujigeuza kitandani. Sote tulidhani Yustina ni mkaidi. Hakuna aliyewahi kumwuliza habari za bibi.

Yustina aliponiruhusu kulisema, nilisimama kwenye kikao cha kina mama, nikaomba watu wa zamu. Kisha Mama Neema, mmoja wa wale walionong'ona kuwa kazi hii sitaiweza, akainuka. "Tunapeana zamu kulima viazi, tushindwe kumgeuza bibi mmoja?" Wakajitokeza kumi na mmoja, Walutheri kwa Wakatoliki.

Yustina akashuka Ipogolo kwa dada yake wiki mbili kabla ya siku zake kutimia, ili awe karibu na hospitali. Uchungu ulipoanza alifika mapema, wakampasua. Daktari alimwambia angechelewa kidogo tu, mfuko wa uzazi ungechanika. Niliposikia hivyo nilikaa chini pale pale, kwenye majani.

Alhamisi amerudi. Vigelegele vilianzia barabarani hadi uani. Kina mama walikuwa wamemtoa bibi juani, wamemwegemeza kwa mito, wakamlaza mjukuu kifuani pake. Bibi akacheka, Shangazi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mama Neema akanishika mkono akaniingiza katikati, nami nikacheza. Ungekuwepo ungenivuta sketi, useme watu wanatazama. Walikuwa wakitazama kweli, na sikujali. Kabla sijaondoka, wajawazito wawili wakanivuta pembeni wakaniomba nipite kwao.

Nakulilia bado, hasa asubuhi ninapovaa buti zako. Zinanibana vidole.

Pumzika sasa, shangazi yangu. Kesho napanda hadi nyumba ya mwisho kule juu kwenye ukungu, kwa yule mwanamke mgeni aliyetoka Mbeya, ambako miguu yako ilikataa kukufikisha. Nakuahidi, nitafika.

Binti wa kaka yako,
Vumilia