Goti Jipya, Usingizi Hakuna

Mshauri mpendwa, naomba msaada, ingawa kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa, maana nimeendesha lori la tela mpaka milima inanijua kwa honi, na nchi nilizolala wewe labda umeziona kwenye ramani tu, shule niliiacha njiani lakini dunia nimeimaliza. Basi goti la kulia likaisha kwa kukanyaga breki, madaktari wakanitia la chuma, kitu safi, kwenye picha linang'aa kuliko spea yoyote niliyowahi kufunga, na wageni wakija nawaonyesha hata wasioomba. Shida ni usingizi. Kitandani nageuka kama samaki kikaangoni, kwa hiyo nimehamia kwenye kochi, nakaa goti nimelikunja juu ya mto kama nilivyozoea kulala nyuma ya usukani, hapo linatulia kidogo, na mchana nashindilia kahawa nisisinzie mbele ya wageni, na vidonge vya maumivu nimevificha kwa sababu dereva wa kweli hamezi kitu cha kumlewesha. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, walipokubadilisha goti wangemalizia na kichwa." Nikamwambia, "Mama, chuma hakiumwi." Akasema, "Basi anayeguna kwenye kochi ni nani, jirani?" Nilicheka, lakini daktari amesema goti lisiponyooka, lori ataliendesha mwingine. Mshauri, mimi bila usukani ni nani? Nilaleje?

Goti Jipya

Goti Jipya, pole, tena hongera. Kula barabara miaka yote hiyo ukarudi mzima si mchezo, tamba, umestahili. Sasa kaa nikukaripie.

Unalala kama mtu aliyeegesha kwa muda, na goti linakutii: umelikunja, nalo linakakamaa hivyo hivyo. Raha ya mto huo ni ya uongo. Utoe chini ya goti leo, ulale chali kitandani, mto uweke chini ya kisigino ili mguu ujinyooshe. Utalalamika mwanzoni, lalamika, lakini usiukunje. Vidonge vitoe ulikovificha, umeze kama ulivyoandikiwa bila kuzidisha, na umuulize daktari kama kimoja kinaweza kuangukia saa ya kulala. Chuma hakiumwi, sawa, ila nyama iliyokishika inauma, na mwenye maumivu hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi hachoki akalala. Kahawa iishie asubuhi. Jioni funga barafu kwa kitambaa, uiweke juu ya goti. Wageni wakukute unatembea, si unapandisha suruali kuwaonyesha goti. Lakini nyama ya nyuma ya mguu ikivimba na kuuma, au goti likiwa la moto na homa ikapanda, au pumzi ikibana, kimbilia hospitali, usiniandikie mimi.

Na mkeo usibishane naye. Kama anakusikia ukiguna, ujue naye halali. Unauliza bila usukani wewe ni nani? Ni mtu ambaye mkewe anakesha kwa ajili yake, na wangapi wanayo bahati hiyo? Ila usukani hujaupoteza bado. Nenda kanyooshe huo mguu mbele ya daktari, na akikuruhusu kupanda lori, piga honi mtaa mzima usikie. Nami nitasimama mlangoni nikupigie makofi.