Mchicha wa Mama Zuhura

Jumanne

Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Leo nilimpelekea Mama Zuhura majibu ya maabara yetu bustanini kwake, Gongo la Mboto. Baada ya shikamoo nikamweleza taratibu: tumepima mchicha wake, una madini ya risasi, yanaharibu akili za watoto.

Akashtuka. Akampigia kelele binti yake jikoni: "Mwaga hiyo mboga! Leo tunakula maharage."

Nikafurahi, mjinga mie.

Kisha akainama, akaendelea kufunga mafungu ya kupeleka sokoni.

"Na hayo, mama?"

"Haya ya kuuza." Akanitazama kwa huruma. "Kwani wewe, mwanangu, unakaa wapi?"

"Boko."

"Basi huko hayafiki. Usiwe na wasiwasi."

Na mie nikashusha pumzi. Kabisa, nikashusha pumzi.