Mashuka Yasiyolaliwa

Jumatano. Jua linawaka lakini upepo ni wa kipupwe, unaingia mpaka ndani ya mifupa. Siku nzuri ya kuanika nguo. Siku mbaya kwa mengine yote.

Blogu hii alinifungulia binti yangu ili niwaite wageni. Humu nimeshasifu mkate wa mofa, kahawa ya tangawizi na kiamshakinywa cha juu darini. Leo sisifu kitu. Anayetafuta chumba arudi kurasa za nyuma, huku mbele kuna mtu mzima analia.

Huu ndio msimu wenyewe, eti. Miaka ya nyuma, mwezi kama huu, nilikuwa nnalala kwenye kochi la mapokezi kwa sababu hata kitanda changu nshampa mgeni. Mwaka huu, Yarabi, hakuna mtu. Wanasema kule kwao nako hali imewabana, na anayekuja anakwenda moja kwa moja kwenye hoteli kubwa za pwani, kula na kulala humo humo. Hapa Mji Mkongwe wanashuka kupiga picha milango yetu. Wananunua chupa ya maji, wanarudi Nungwi kabla ya magharibi.

Chini, kwenye mkahawa wangu, wenyeji nao wamepungua. Siwalaumu. Kila nikienda sokoni Darajani nakuta mchele na mafuta vimepanda tena. Kuna bwana mmoja mwenye duka Mlandege alikuwa hawezi kufungua duka lake bila kahawa yangu. Sasa anapita upande wa pili wa njia, ananipungia mkono na kukaza mwendo. Haya tu, masikini, si kiburi.

Vijana wa kuhudumia nshawaruhusu wakatafute pengine. Nimebaki na Mama Neema, mpishi wangu wa miaka mingi, mtu wa Tanga. Kila asubuhi anakaanga konzi moja ya buni karibu na dirisha la mbele, ili harufu itoke njiani. Harufu inatoka. Watu wanaivuta, wanasema mashaallah, wanaendelea na safari zao.

Nieleze na jambo la nyumba, maana hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nyumba hii aliijenga upya marehemu baba. Ni yangu na ya kaka yangu Nassor, aliyeko Maskati. Tulikubaliana yeye na mie: msimu huu ukipita na vyumba vitupu, namkabidhi funguo, ampangishe mtu anayetaka kuigeuza duka la vinyago. Mtu mwenyewe keshapatikana. Chumba nilichozaliwa mie kitakuwa cha kuwekea twiga wa mbao.

Kwa hiyo nikaanza mchezo wa mashuka.

Asiyekulia mjini hapa hatonielewa. Nyumba zetu zimebanana, njia hazioni jua, kila kitu kinaanikwa juu darini. Na wanawake wa mjini wanasoma kamba za wenzao. Ukiona nepi, kuna mtoto. Ukiona khanga nyingi za watu wasiokaa pale, kuna msiba au harusi. Na ukiona mashuka meupe nyumba ya wageni, wageni wapo. Marehemu mama alikuwa akisema kamba haisemi uongo.

Mie ndiye niliyeifundisha.

Kila asubuhi natoa mashuka kabatini, safi, yamepigwa pasi, yananukia udi. Nayaloweka kwenye beseni, nayakamua, nayaanika. Vyumba vyote saba. Jioni nayaanua, nayapiga pasi, nayarudisha. Kesho yake tena. Mama Neema siku za mwanzo alikuwa ananitazama tu. Wiki iliyopita akaniambia, "Bi Zuhura, haya mashuka yanaoga kuliko sisi, na hakuna aliyeyalalia."

Nilicheka. Tulicheka wote wawili mpaka tukashika mbavu. Halafu nikaenda zangu stoo, nikalia.

Mtazamaji wangu mkubwa ni Rukia, jirani, shoga yangu tangu chuoni tunasoma juzuu. Dari lake na langu yanatazamana, kati yetu ni uchochoro tu. Mumewe huzungumza na Nassor kwenye simu kila Ijumaa. Najua anachomwambia, maana Nassor hunirudishia: nasikia kamba haipumziki, hongera dada. Mashuka yale yalikuwa yananilindia nyumba, au ndivyo nilivyojidanganya.

Rukia kila asubuhi huniita kutoka kwake, "Zuhura! Ushakula?" Namwitikia, "Nshakula, alhamdulillah." Siku nyingi sijala. Kula peke yangu kwenye mkahawa wenye viti vilivyopinduliwa juu ya meza kunanishinda.

Leo asubuhi alikuja mwenyewe, kwa miguu, amefurahi. Akakaa, Mama Neema akamtilia kahawa. Akaanza kunisimulia kama mtu anayeleta zawadi.

Kuna jamaa zake wamekuja kutoka Maskati kwa harusi. Walishukia hoteli moja huko Mbweni, pampu ya maji ikaharibika, wamechoka kuoga kwa ndoo. Wakamwomba Rukia awatafutie nyumba mjini. Nyumba nzima, ya kwao peke yao, na chakula humo humo, mchana na usiku, mpaka harusi iishe. Na kahawa. Watu wale kahawa haikauki mbele yao.

Nikaanza kuhesabu vyumba kichwani, vyote saba.

"Nikapanda darini," anasema Rukia, "nikatazama kwako. Lo! Kamba imejaa mpaka ncha. Nikasema, huyu mwenzangu kajaa, nikimwendea ataona haya kunikataa, atawahamisha wageni wake kwa ajili yangu. Nisimtie mashakani. Nikawapeleka nyumba moja ya wageni Shangani jana jioni. Washaingia, washalipia."

Kisha akanishika mkono. Macho yake yalikuwa na furaha ya kweli, wallahi, haina hata chembe ya husuda. "Mwenzangu, Mungu kakuona. Wote wanalia, wewe umejaa."

Na mie nikafanya nini? Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, mtu wangu yuko mbele yangu, mkono wangu umo mkononi mwake.

Nikasema, "Umefanya vizuri, shoga. Kweli nisingekuwa na nafasi."

Alipoondoka nilibaki nimekaa nikitazama kikombe chake. Nilijichukia kwa namna ambayo sijawahi. Nilimchukia na yeye kidogo, kwa wema wake, na hilo pia naliandika. Ningekuwa na hasira na hali ya uchumi, ningekuwa na mtu wa kumlaumu aliye mbali. Lakini hili si la uchumi. Uchumi uliniondolea wageni. Hawa waliokuwa wanakuja, nimewafukuza mwenyewe kwa maji na sabuni.

Mama Neema alikuwa anakanda unga. Hakuniangalia. "Mficha uchi hazai," akasema. Basi, akaendelea kukanda.

Ningemjibu vibaya. Nina ulimi, wanaonijua wanajua. Leo nikachukua kikombe cha Rukia, nikaenda kukiosha.

Mchana wote nimezunguka vyumbani. Vitanda vitupu, magodoro wazi, kwa kuwa mashuka yote yako juu yanapepea kwa wapita njia. Nikakaa kwenye godoro la chumba nilichozaliwa. Niliwaza kumpigia Nassor nimwambie chukua, mpe mtu wako, nimechoka. Niliwaza kubaki kimya mpaka msimu uishe mwenyewe. Nikawaza hata kwenda Shangani kuwaomba wale jamaa wahame. Tazama mtu anapofikia!

Baada ya sala ya alasiri nikapanda darini. Nikaanza kuyaanua. Kawaida huacha mpaka jua lipungue, wayaone na wanaorudi sokoni. Leo niliyavuta moja moja, yamekauka, yamekakamaa, nikayatupa ndani ya tenga bila kukunja. Kamba ikabaki uchi. Sijawahi kujua kuwa ni ndefu hivyo.

Rukia alikuwa darini kwake, anageuza pilipili alizoanika. Akanyanyua uso.

"Ala! Mapema leo. Wageni wameondoka?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari na uongo, uongo mzuri kabisa, kwamba ndiyo, wameondoka asubuhi, wengine wanakuja kesho.

"Rukia," nikamwambia, "hawakuwapo. Tangu Iddi sijapata mgeni. Yale mashuka naloweka masafi, naanika masafi."

Upepo ulikuwa unapeperusha baibui lake, akalishika kwa mkono mmoja, ule mwingine una pilipili. Alitazama kamba, akanitazama mie, akatazama tena kamba. Nikaona anaanza kuelewa kwamba jamaa zake wa Shangani wangekaa kwangu, na mkono wa pilipili ukamwenda mdomoni bila kujijua. Nikasubiri anitukane. Ana haki. Nikasubiri aseme, "Ijumaa mume wangu amwambie nini Nassor?"

Amwambie kweli. Nshaisema, hairudi. Na kama funguo zinakwenda, ziende nikiwa mtu anayetazamika usoni na jirani yake.

Mdomo wake ulikuwa umeshaanza kuwaka pilipili, machozi yanamtoka, sijui ya pilipili au ya nini. Akajifuta kwa kiwiko.

"Zuhura," akaita, kama anavyoita kila asubuhi. "Ushakula?"

"Sijala," nikamwambia. "Tangu jana sijala." Akaziacha pilipili zake, akateremka ngazi.

Naandika haya nikiwa mkahawani, nimeteremsha viti viwili kutoka juu ya meza. Mlango wa mbele unagongwa.