Sitoki Kwenye Kundi la Magari

Mume wangu, raha ya macho yangu,

Ujumbe wako nimeusoma nikiwa nimekaa kwenye kitanda chetu kipya, ambacho bado kinanukia vanishi na asumini. Maneno machache tu: "Mke wangu, jitoe kwenye kundi la magari, yaishe." Wewe uko Tanga kazini, mimi niko hapa Bagamoyo kwa mama yako, na shangazi yako ameshakupigia simu. Najua. Nakupenda mpaka naona haya mwenyewe. Lakini sitoki.

Unakumbuka tulivyoanza? Mtu aliuliza kundini, kule mtandaoni, afanye nini gari lake lisiliwe na kutu, maana linalala karibu na bahari. Nikaandika: lioshe chini kwa maji ya kisima, likauke, kisha lipake oili chafu. Wewe, ambaye hata sura sikuijua, ukanirukia: "Binti, oili chafu inakula mipira. Nani kakufundisha?" Wenzako wakakushangilia. Mmoja akaniambia niende jikoni nikaangalie wali usiungue. Nikamjibu kwamba wali nimeshaupakua na nimeshiba, na gari la mjomba wangu halina kutu, anayebisha aje Kaole aone.

Ukaja wewe! Ijumaa baada ya swala, na kanzu yako nyeupe, ukamwamkia mjomba shikamoo kwa adabu zote, halafu ukaomba kuona uvungu wa pikapu yake ya kubebea nazi. Mjomba alicheka, akakutandikia mkeka. Ukalala chali. Nami nikainama upande wa pili nikakuonyesha kwamba mipira huwa naifunga matambara kwanza, ndipo napaka. Ukapitisha kidole kwenye chuma, ukakikagua: hakuna kutu. Tone la oili likakuangukia kifuani, kwenye kanzu ile ile, wala hukushtuka. Ulinitazama kutoka kule chini ukasema, "Haya, nimeshindwa." Ewe mume wangu, sijapata kuona mtu anayeshindwa vizuri hivyo. Na jioni ukaandika kundini, mbele ya wote: "Nimeona kwa macho yangu. Binti yuko sahihi." Posa ilikuja baadaye, lakini moyo wangu ulikwenda jioni ile.

Na fungate yetu, jamani! Somo yangu, aliyenifunda, alishanikanya: bibi harusi ni wa ndani, hatoki, sauti yake haisikiki. Tumejifungia zetu, hina haijafifia, ukanionyesha simu yako: "Hebu ona, jamaa mmoja wa kundini yuko Zinga, gari limechemka, na watu wanamwambia afungue mfuniko wa rejeta." Nikasahau somo, nikasahau hina, nikaikamata simu na kumrekodia: "Usifungue! Utababuka uso! Zima gari, subiri lipoe!" Sauti ikafika mpaka ukumbini, shangazi yako amekaa na wageni. Wewe ulicheka mpaka ukashika mbavu. Yule kaka naye hakufungua, akafika kwao salama.

Tangu hapo mimi ndiye bibi harusi aliyewapigia wanaume kelele katikati ya fungate. Juzi shangazi alikuja kunikalisha. "Mwanangu, mke wa mtu hana kaka zake mtandaoni. Toka huko."

Nikamjibu kwa heshima, "Shangazi, mume mwenyewe nimempata huko huko."

Akasonya. "Si umeshampata? Unatafuta nini tena?"

Swali hilo ndilo naona limekutia hofu hata wewe, basi jibu langu nakupa wewe. Sikuingia kutafuta mume. Niliingia kwa sababu nikisikia injini inaunguruma nataka kujua inaumwa wapi. Napenda kubishana kama betri za magari ya umeme zitastahimili joto letu, na kama kilomita zinazosomeka kwenye magari ya kuagiza ni za kweli. Nilikuwa napenda hayo kabla yako. Wewe ni zawadi niliyokutana nayo njiani, nami sitakubali zawadi inirudishe nilikotoka.

Shangazi nitampikia, nitambusu mkono, akiniita nitamwitikia abee. Lakini hili moja hatalipata. Yule binti aliyekubishia ndiye uliyempeleka mbele ya sheikh, mpenzi wangu. Ukinitaka mimi bila yeye, hakuna utakayemkuta chumbani.

Barua hii sikuituma kwako peke yako. Nimeiweka kundini, kwa sababu kundini ndiko ulikonitetea mara ya kwanza. Msimamizi wa kundi ni wewe. Ukiona kweli mkeo hafai kuwa humu, nitoe mwenyewe, mchana, watu wote wakiona. Kidole changu hakitafanya kazi hiyo.

Rudi salama. Udi nimeshaununua.

Mkeo, anayekupenda na asiyetoka.